Mita za Heshima

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa sababu ya majukumu mazito hakufika, lakini kiti chake kipo na ninakiona. Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye naambiwa yuko njiani tangu juzi. Waheshimiwa wajumbe wa Kikosi Kazi cha Kuratibu Ukokotoaji wa Mserereko wa Ndege Baada ya Kutua, ambacho mwenyekiti wake mtendaji ni mimi. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo ya kusimamia kikosi kazi hicho, ambayo mwenyekiti wake, kwa unyenyekevu, pia ni mimi. Viongozi wa ngazi zote na wa ngazi ambazo bado hazijaundwa. Dada yangu katibu muhtasi, unayenipitishia vikaratasi. Ndugu dereva wa tingatinga, uliye kule mbali na mtambo wako. Wazazi, walezi, wakwe, mashemeji, na nyinyi mliokaa juani kwa sababu turubai limeishia meza kuu: itifaki imezingatiwa. (Makofi, meza kuu. Huko juani mtu anapiga chafya.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo kifani. Tabasamu. Tazama kulia. (Katibu muhtasi anamnong'oneza kwamba maneno hayo ya mwisho ni maelekezo, si ya kusomwa.) Dada, mimi nasoma kila kilichowekwa mbele yangu, na huo ndio uwazi wenyewe! Na nikitazama kulia naona nini? Naona nyumba moja, ya bati, yenye alama ya X nyekundu ukutani, na tingatinga limesimama pembeni yake. Hiyo ni nyumba ya mama yetu mpendwa, Mama Mkunga, ambaye yupo hapa mstari wa mbele na ufunguo wake mkononi. Mama, karibu sana. (Mama Mkunga anausogeza ufunguo kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.)

Mimi ni mzaliwa halisi wa mtaa huu. Sikuletwa na upepo. Ndiyo maana nilipoteuliwa kuongoza mradi wa kiwanja cha ndege nilisema, sitakubali nyumba ya mtu ivunjwe kwa kukisia. Itavunjwa kwa hesabu! (Makofi, meza kuu.) Leo mbele yenu nitakokotoa ndege ikishagusa ardhi inaserereka umbali gani kwa magurudumu mpaka isimame. Jiko la Mama Mkunga liko mita elfu moja na mia mbili kamili kutoka kwenye nguzo ya kwanza ile pale. Ikiwa ndege itasimama kabla ya hapo, mama atabaki na jiko lake. Ikiwa itapita, nitapeperusha kibendera hiki cha kijani, na dereva atafanya kazi yake. Mficha uchi hazai. (Sauti ya Mama Mkunga: “Hilo niachie mimi, ni la kazini kwangu.” Kicheko kirefu.)

Asante, mama, kwa fidibaki hiyo. Sasa niwape takwimu. Kwa mujibu wa rodimapu yetu tumekaa vikao sitini na vitatu, semina elekezi kumi na moja, na warsha moja ya kapasiti bildingi iliyofanyika mbali sana, ambako mimi binafsi nilishuka kwenye ndege, nikasimama pembeni na kuitazama kwa jicho la kitaalamu mpaka walinzi waliponiomba niondoke. Asilimia tisini na nne nukta saba ya wananchi tuliowahoji wanaunga mkono mradi, na hao waliobaki hatukuwahoji. Kuna wanaonong'ona kwamba mwaka wa tatu huu hakijaletwa hata kifusi. Ndugu zangu, kifusi ni mawazo ya kizamani! Siku hizi dunia inaanza na framuweki, lami inafuata yenyewe.

Wala msidhani tulijifungia ofisini na vitabu tu. Tulifanya jaribio. Tulijiuliza: ndege ina nini? Ina magurudumu. Ofisini kwetu kuna nini chenye magurudumu? Kuna kiti changu. Basi tulimkalisha tarishi wetu, mtu mzima mwenye uzito wa wastani na moyo wa kujitolea, tukamsukuma kwa pamoja katika korido ya ghorofa ya tatu, watu wanne, kwa kasi ambayo jengo lile halijawahi kuiona. Aliserereka mita kumi na nne na mlango mmoja. (Kicheko. Sauti: “Mlango wa nani?”) Mlango wa idara ya malalamiko, ambayo tangu siku hiyo iko wazi kwa wananchi wote. Tarishi anaendelea vizuri na anawasalimu.

Dada, niletee ubao. (Ubao unaletwa. Mguu mmoja ni mfupi, unawekewa jiwe.) Kanuni ni hii, na nimeinakili mwenyewe kwa mkono wangu: chukua kasi ya ndege inapogusa ardhi, izidishe kwa yenyewe, halafu gawanya kwa mara mbili ya nguvu ya breki. Ukishapata jibu... lakini kwa nini niwachoshe? Jibu tulilipata tangu mwaka juzi, kabla ya kanuni. Ndege itaserereka mita elfu moja mia mbili na arobaini! (Makofi, meza kuu. Huko juani watu wanamwangalia Mama Mkunga.) Itapita jikoni na kusimama nyuma kidogo, penye kamba ya nguo. Mama yangu, pole. Sayansi haina shangazi wala mama mdogo. Natamka hivi kwa uchungu mkubwa. Futa jasho. (Anafuta jasho.)

Naona mkono umenyooshwa. Nani huyo? Aa, mwalimu wetu mstaafu wa hesabu, aliyenifundisha darasa la sita. Mwalimu, muda hauruhusu. (Umati: “Mpeni nafasi!” Fundi baiskeli anasimama juu ya ndoo yake: “Mheshimiwa, si umesema uwazi? Mwache mzee aseme!”) Sawa, sawa. Kwa kuwa mimi ni msikivu, mwalimu apite, kwa ufupi.

(Mwalimu anapanda akijikongoja, anachukua chaki, anaipuliza. “Mwanangu, darasani nilikuwa nakwambia nini? Jibu bila njia ni uongo uliovaa tai. Kasi uliyotumia ni ngapi?”) Sitini, mwalimu. Mita sitini kwa kila sekunde. (“Breki?”) Zinapunguza mita mbili kila sekunde. (Mwalimu anaandika huku akisema kwa sauti: “Sitini mara sitini, elfu tatu na mia sita. Mbili mara mbili, nne. Elfu tatu na mia sita gawanya kwa nne, mia tisa. Ndege inasimama mita mia tisa. Bado mita mia tatu kufika kwa mama. Hizo mia tatu na arobaini zako za juu umezitoa wapi?” Vigelegele.)

Tulieni. Tulieni, tafadhali! Mwalimu wetu ni mtu wa zamani, na hesabu ya zamani haikujumuisha uongozi. Mita mia tisa ni za ndege iliyobeba watu wa kawaida. Ndege iliyobeba waheshimiwa haiwezi kufunga breki ghafla, waheshimiwa wakapepesuka, miwani ikaanguka, mtu akamwangukia mtu wa cheo cha chini yake. Ndege hiyo husimama taratibu, kwa staha. Mia tatu na arobaini ni mita za heshima! Zimepitishwa na kamati ndogo kwa kauli moja, na kauli hiyo ilikuwa yangu. (Makofi, meza kuu, lakini si wote.)

(Mwalimu hajashuka. “Basi nikuulize moja la mwisho nikakae. Hiyo sitini ni kasi ya ndege gani?”) Ya ndege ya mradi. (“Iko wapi?”) Iko kwenye mchakato. (“Imeshanunuliwa?”) Iko kwenye hatua za awali za kuelekea kuanza mchakato. (“Kuna rubani? Kuna kampuni iliyosema itatua hapa? Kuna hata barua?”) Mwalimu, kuna nia. (“Nia haina magurudumu, mwanangu. Ndege isiyokuwepo inatua kwa kasi gani?” Anafuta sitini, anaandika sifuri, kubwa, ya ubao mzima. “Sifuri mara sifuri?” Umati: “Sifuri!” “Gawanya kwa nne?” Umati: “Sifuri!” Kutoka nyuma mtu anapaza sauti: “Njia ya mwongo fupi!”)

Ndugu wananchi... ndugu wananchi, nisikilizeni! Huu si mkasa, huu ni ushindi! Mwalimu amethibitisha kitaalamu kwamba njia ya ndege inayohitajika ni mita sifuri. Nasi tumejenga mita ngapi? Sifuri! Lengo sifuri, utekelezaji sifuri, yaani mradi umekamilika kwa asilimia mia moja, na kabla ya muda! Nionesheni mradi mwingine wenye impakti kama hiyo. (Kicheko hakiishi. Hata mmoja wa meza kuu anajifuta machozi kwa tai.) Lakini msisahau kwamba zile mita za heshima bado zipo palepale. Heshima haizidishwi kwa sifuri!

(Mama Mkunga anasimama kwa mara ya kwanza. “Mimi sikusoma hesabu, nimesoma maumivu ya watu. Lakini mia tatu na arobaini si hata robo tatu ya njia, si hata nusu. Hata ukija na heshima yako yote, mheshimiwa, hufiki jikoni kwangu.”)

(Kelele, vigelegele, ndoo zinapigwa.) Kimya! Nimesema kimya! Mimi si wa kuchezewa mbele ya umma na kizee cha... mama, nisamehe, ulimi umeteleza. Lakini uamuzi ni uamuzi. Hesabu ni ushauri tu! Kibendera kiko wapi? Hiki hapa. Napeperusha! Napeperusha, mnaniona? Dereva, anza kazi! (Mbali kule injini inanguruma, moshi mweusi unapanda. Watu wanasimama, wengine wanaanza kukimbia. Mama Mkunga hakimbii. Ameubana ufunguo kwa mikono miwili. Kisha mngurumo unakatika.)

Mbona kimya? Dada, kuna nini? Lete kikaratasi. Nasoma: “Mheshimiwa, tumeongea na dereva kwa simu. Tingatinga limetembea mita kumi na moja likasimama. Dereva amezima mwenyewe, funguo ameziweka mfukoni. Anasema kitovu chake kilikatwa ndani ya nyumba hiyo, na cha mke wake, na cha watoto wake watatu. Anasema kama mheshimiwa anaweza, aje aendeshe mwenyewe. Usisome hiki kwa sauti.” (Mlipuko wa shangwe. Mama Mkunga anakaa chini, anafunika uso kwa khanga na kulia, na fundi baiskeli anampepea kwa kofia yake.)

Mita kumi na moja. Basi angalau tuna kipimo kimoja cha uhakika. Tuingie kwenye shukrani, muda umekwenda. Nawashukuru wajumbe wa kikosi kazi kwa kunikubali. Namshukuru tarishi. Na kwa namna ya pekee, karatasi inayofuata, namshukuru... “Shemeji, mchoro wa nyumba yetu ya wageni nakuletea. Vyumba kumi na viwili, baa upande wa bondeni, na lile jiko la bibi litakuwa sehemu ya kuegesha magari. Hadithi ya ndege iendelee mpaka bibi atoke, baada ya hapo tutasema mradi umehamishiwa kwingine. Hakuna atakayeuliza, watu hawajui hesabu. Choma karatasi hii.” (Hakuna anayecheka. Turubai linapigwapigwa na upepo.) Hii... hii imeingia kwenye faili kwa bahati mbaya. Dada, kwa nini umeniwekea hii? (Katibu muhtasi: “Wewe si unasoma kila kilichowekwa mbele yako, mheshimiwa?”)

Tumalize kwa salamu za mradi, kama ilivyo ada. Nikisema “Ndege”, nyinyi semeni “Juu!” Ndege! (Umati: “Iko wapi!”) Kiwanja! (Umati: “Kiko wapi!”) Maendeleo! (Umati: “Zima injini!”)

Na hiki kikaratasi ni cha nani tena? Mwandiko wa mwalimu. Nasoma, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: “Mama Mkunga ameniomba nikuandikie. Anasema: Mwanangu, hata siku ile ulichukua muda mrefu. Siku mbili mama yako alihangaika, na ulipokuja ulitanguliza miguu, jikoni kwangu humohumo, kwa sababu chumbani mvua ilikuwa inavuja. Wenzangu walishakata tamaa. Mimi nilikusubiri ukatoka. Leo sina nguvu za kukusubiri tena. Shuka, watu wana kazi.”

(Anakikunja kikaratasi mara mbili, mara nne. Anafungua ukurasa wa mwisho wa hotuba. Sauti yake imepungua.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Tabasamu. Tazama kulia.

(Anatazama kulia. Nyumba ipo.)