Mikono ya Askofu Mgeni

Alhamisi, 6 Juni
Nina bahati, jamani! Nyota yangu haina mfano. Jumapili askofu wa ng'ambo anakuja kutoa kipaimara, na nani wa kumtafsiria kama si mimi, fundi cherehani niliyeshonea mabaharia suruali nikijibizana nao kwa lugha yao? Shule niliishia njiani, lakini ulimi ulifika.

Ijumaa, 7 Juni
Mchungaji amemchagua shemeji! Kaka wa mke wangu, mwalimu, mtu wa kukohoa kabla ya kila neno. Mke wangu anaimba jikoni tangu asubuhi. Jioni bwana huyo kaja nimshonee suti. Nilitaka kumbana kiuno ashindwe hata kuinama. Mkono ukagoma. Usiku wa manane kaijaribu, imemkaa kama kazaliwa nayo. Naumwa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepata! Mkalimani haguswi na askofu. Wanaoguswa ni wa kipaimara: mikono miwili kichwani, kanisa zima linatazama, na picha juu. Kweli, mimi nilishapokea kabla ya ndoa, na hakirudiwi. Lakini mgeni atajuaje? Nimejishonea shati jeupe.

Jumapili, 9 Juni
Nilipiga magoti mwisho wa mstari, baada ya watoto. Magoti yalilia kama mlango mbovu. Askofu akafika, akatabasamu, akainua mikono, akamuuliza shemeji jina langu. Shemeji akakohoa. Kisha, kipaza sauti kikiwa mdomoni: "Shemeji, wewe ulishapokea. Mimi ndiye niliyekusimamia."
Kwaya ilicheka kwa sauti zote nne. Askofu alipoelezwa akanishika kiwiko, akaniinua. Kiwiko! Kichwa hakukigusa. Mlangoni akamkumbatia shemeji, wakapigwa picha, akaisifu suti. Shemeji akasema ni kazi yangu, akanionyesha kwa mkono. Hata wema wake unaniuma.

Jumatatu, 10 Juni
Mke wangu kaniambia nikamwombe kaka yake radhi. Nimekwenda. Kanisamehe kwa kikohozi kirefu. Hukohuko nikasikia kwamba Jumatano askofu atabariki ndoa katika parokia jirani. Yetu ilibarikiwa zamani, lakini kule nani anatujua? Nikamwambia mke wangu atafute gauni. Akajibu kwamba hata huko mkalimani ni kaka yake.
Basi nakata shela mbili nzito za kufunika uso, yake na yangu, kaka yake asitutambue.
Na ile bahati niliyojisifia Alhamisi, sina. Sijawahi kuwa nayo.