Sisimizi na Wenye Meno Makubwa

Jumanne, 3 Machi

Sasa hivi, kalamu mkononi, mwanangu Sisimizi kaning'ata kisigino. Katambaa chini ya meza kimyakimya, mara chwap! Kisha kapabusu palepale. Mtoto wa namna hii utamchapa vipi? Lakini Jumatatu anaanza chekechea kwa majaribio, na mwalimu mkuu keshasema mtoto anayeng'ata hapokelewi. Bila chekechea, sirudi kwenye cherehani langu dukani. Wifi kaniuliza mbona simzibi mdomo. Wanawe malaika, ati!

Jumatano, 4 Machi

Nimepata! Makumbusho mapya ya dinosaria, nyuma ya posta. Wifi anasema walikuwa na meno kama mapanga, na wote wamekufa. Basi! Nitamwonyesha Sisimizi mifupa, nimwambie aone mwisho wa wanaong'ata. Akili hii sijui naitoa wapi.

Jumamosi, 7 Machi

Mungu wangu! Nilitegemea kitu cha ukubwa wa ng'ombe. Kumbe nyumba! Fuvu peke yake haliingii mlangoni kwetu. Nikapiga ukelele, mlinzi akaja mbio. Sisimizi hata kope hakupepesa.

Nikamwambia huyu aling'ata wenzake, ndiyo maana kafa. Akaonyesha jingine, lenye shingo ndefu, akauliza na huyu aling'ata nani. Mwongoza wageni, nani kamuuliza, akasema huyo alikula majani tu, maskini. Akafa? Akafa pia. Sisimizi akanitazama kwa huzuni, akasema basi mboga hali tena.

Kufumba na kufumbua kapita chini ya kamba, kaling'ata jitu dole la mguu. Likakatika! Nikaganda. Nikajiona jela, kwa mnyama aliyekufa kabla ya babu wa babu! Mwongoza wageni akasema ni plasta tu, mifupa halisi iko kwenye vioo.

Sijashusha pumzi, mama mmoja nyuma yangu akauliza huyu ni mtoto wa nani. Mwalimu mkuu! Na wajukuu zake! Mdomo wangu ukajisemea wenyewe kwamba mtoto huyu simjui.

Sisimizi akanikumbatia goti, plasta mdomoni. Mama!

Jumapili, 8 Machi

Simu ya mwalimu! Anasema lile katazo lilikuwa la kututisha wazazi tu, kung'ata si neno, watoto wengi hung'ata, atalimaliza mwenyewe. Kilichomshtua ni mama kumkana mwanawe. Kesho niende nimweleze ukweli tu, na nafasi ni yetu. Ukweli tu! Nimelia kwa furaha.

Basi nitamwambia yule wa makumbusho ni pacha wangu. Sisimizi nimeshamfundisha kusema mama mdogo, anasema vizuri, roho yangu! Limebaki gauni la wifi la bluu, nisifanane na jana. Nikivaa hilo, mwalimu hata anikodolee macho vipi hawezi

Wifi anaita uani. Mayowe! Kidole chake, ati, kidole! Nakuja wifi, nakuja, ila kwanza hilo gauni