Mimi, Mama Mkwe na Kigingi cha Ishirini

Jumatatu, 4 Machi

Nafasi imebaki moja! Timu ya klabu ni watu wanne, watatu wameshachaguliwa. Ya nne tunaigombania wawili: mimi na mama mkwe. Ndiyo, mama mzazi wa mke wangu. Mkunga mstaafu, miwani ya kamba, kofia pana, bastola kiunoni. Jamani, utamshindaje mtu ambaye kila mkikutana lazima uanze na shikamoo?

Filimbi katangaza jioni. Filimbi ndiye msimamizi wa uwanja wetu wa shabaha; jina lake halisi nadhani hata mkewe keshalisahau. Jumamosi tutapimwa kwa lile bamba la chuma linalotembea. Risasi sita kila mmoja. Umbali atautaja siku hiyohiyo: mita kumi, kumi na tano au ishirini. Atakayeshinda anakwenda mashindanoni. Atakayeshindwa atapaka rangi mabamba msimu mzima. Kopo mkono huu, brashi mkono huu, na wenzako wamekaa kivulini wanakuonyesha ulipoacha.

Nikiri. Wiki iliyopita niliwaambia karakana nzima kwamba nafasi ni yangu. Wakanipigia makofi. Bosi kanipa ruhusa ya siku za mashindano. Watoto wangu wamewatangazia watoto wa jirani.

Nikiri tena. Miezi yote hii nimefanya mazoezi mita kumi tu. Kwa kumi, bamba ni sinia. Unapiga, linalia ngaa, unajiona dume. Mke wangu nimekuwa nikimwambia napiga ishirini. Mungu anisamehe. Kesho naanza ishirini ya kweli.

Jumanne, 5 Machi

Ishirini si mchezo! Sinia limekuwa kisahani. Na linatembea! Linachomoka kushoto kwenye reli yake, waya unalivuta, linakwenda kulia kama mtu aliyebanwa na haja.

Nimepiga sanduku zima. Limelia mara mbili. Mojawapo nadhani lilikuwa jiwe.

Filimbi kanielekeza. Kwa kumi lenga ukingo wa mbele wa bamba, inatosha. Kwa ishirini risasi ina safari, kwa hiyo lenga mbele zaidi, pale pasipo na kitu, bamba litakuja lenyewe likutane nayo. Nimeelewa. Kichwa kimeelewa. Kidole kimekataa. Mimi ni fundi friji. Sijawahi kufunga skrubu mahali ambapo friji haijafika.

Zamu ya mama mkwe: ngaa, ngaa, ngaa. Kisha akanigeukia na ule upole wake unaochoma. Akasema mwanangu, pumzika kidogo, jua kali hili. Nikasema ahsante mama. Akasema mtoto akishaanza kuja humsubiri afike, unatanguliza mikono. Nikasema ahsante mama. Nikapiga sita nyingine. Vumbi tupu.

Jumatano, 6 Machi

Wazo! Limenijia kichwa kikiwa ndani ya friji ya mteja. Vigingi!

Uwanja hauna alama nyingine. Vigingi vitatu vya mbao, vyeupe, vimeandikwa namba. Ukitaka ishirini, unasimama penye kigingi cha ishirini. Hakuna anayepima. Nani apime? Basi ukivisogeza karibu na bamba, mama mkwe atafanya mazoezi Alhamisi na Ijumaa mahali pa uongo. Mkono wake utauzoea uongo. Ijumaa jioni navirudisha. Jumamosi anasimama mahali pa kweli, mkono unamdanganya. Mimi nitakuwa nimejizoeza mahali pa kweli siku zote. Safi! Nilifurahi mpaka nikajigonga kwenye rafu ya mayai.

Filimbi alipokwenda kula, nikang'oa. Ishirini nikaipeleka kumi na sita. Kumi na tano ikawa kumi na mbili. Kumi ikawa nane. Mashimo ya zamani nikayaziba kwa majani, nikayakanyaga. Dhamiri ilinisuta nikiwa bado nimekumbatia kigingi cha mwisho. Nikaiambia itulie, ni mambo ya siku mbili tu.

Nyumbani mke wangu akauliza mbona magoti yana udongo. Nikasema nilikuwa naomba. Sasa nimeongeza na hiyo.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi nilikwenda kusimama mahali pa kweli. Tatizo: mahali pa kweli hapana kigingi. Nimesimama kwenye majani peke yangu kama mbuzi aliyesahauliwa. Watu wakaangalia. Mama mkwe akauliza kwa sauti kama nimewaudhi wenzangu au wao ndio wameniudhi. Filimbi akapuliza. Akasema kila mtu penye kigingi, hapa si malishoni.

Ningefanyaje? Nikasogea penye kigingi. Kile cha uongo.

Nikapiga. Ngaa! Nikapiga. Ngaa! Unalenga unywele mmoja tu mbele ya ukingo, basi, chuma kinaimba. Ngaa tano kati ya sita! Filimbi akainua nyusi. Mtu mmoja kule nyuma akasema leo mzee kaiva. Nikajibu kwamba ishirini ni mazoea tu, ndugu yangu, usiiogope.

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilipolisema neno hilo, niliamini. Niliuchonga uongo kwa mikono yangu, nikaubeba, nikauchimbia shimo, na siku ya pili nikausimamia na kuuamini! Mchana kutwa nimesimulia karakana habari za ishirini. Nimemwonyesha bosi namna ya kusimama. Jioni, nikiwa naoga, ndipo nimekumbuka kuwa ni kumi na sita.

Hata mama mkwe kapiga vizuri mno. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike polepole.

Kuna amri moja ya Filimbi tunaisema wote kwa sauti kila wiki, kama watoto wa chekechea: chuma hakipigwi chini ya mita kumi. Risasi ikigonga chuma inapasuka, na vipande vinarudi kwa aliyepiga. Naijua. Naiitikia kuliko wote. Jumatano nikaipeleka kumi mpaka nane bila hata kuifikiria. Akili yote ilikuwa kwenye ishirini.

Na mama mkwe huanza mazoezi penye kumi. Kupasha mkono moto, anasema.

Akapiga mara tatu. Ngaa, ngaa, ngaa, halafu vuuu. Kitu kikapita. Akavua kofia, akaiangalia. Ukingo umechanwa. Akapitisha kidole kwenye tundu, akakichezesha upande wa pili, akasema chuma leo kimeamka vibaya. Akaivaa tena. Akainua mkono.

Nilihisi baridi kama nimefungiwa kwenye friza. Nikamwambia mama, sogea nyuma kidogo. Akauliza kwa nini. Nikasema kuna kivuli. Akasema kivuli cha nini, hapa hata ndege hapati pa kukaa. Nikasema basi kuna upepo mzuri. Akashusha mkono, akacheka. Kumbe ndiyo mbinu yako, mwanangu? Unirudishe nyuma nikose? Umenikuta nimeshakua mkubwa. Akainua tena.

Nikapiga kelele SIMAMISHA! Kwetu mtu yeyote akilitamka neno hilo, kila kitu kinasimama. Bastola zikatolewa risasi, zikawekwa mezani. Filimbi akaja mbio akiuliza nimeona nini. Watu wote wananitazama. Nikasema mbuzi. Mbuzi gani? Mbuzi juu ya tuta, kule nyuma ya bamba. Filimbi akaondoka kumtafuta mbuzi.

Ndipo nikamwambia mama mkwe. Yote. Vigingi, majani, magoti. Nimeinamisha kichwa, natazama viatu vyake. Sijawahi kuviona viatu vya mama mkwe kwa muda mrefu hivyo. Nikamwambia kile kipande kingeweza kushuka kidogo tu, kisikute kofia, kikute uso, na ningerudi nyumbani kumwambia nini binti yako?

Akaivua kofia tena, akalitazama tundu. Kisha akasema ile shikamoo ya asubuhi anairudisha, nitafute wa kumpa. Akasema kamba ya mtego umeisuka, umeitega na umenasa mguu mwenyewe, hata panya ana nafuu. Akasema virudishe sasa hivi, kabla mwenye filimbi hajarudi na mbuzi wako.

Nikarudisha, yeye amesimama ameshika kiuno. Kushoto kidogo. Siyo hapo, baba, kwani ukipanda muhogo unaulaza? Mashimo yalikuwa palepale chini ya majani yangu.

Filimbi akarudi anahema. Hakuna mbuzi. Mama mkwe akasema alikuwepo, amemwona kwa macho yake. Mbuzi mzima, na ndevu zake. Akanitazama mimi tu.

Filimbi akafunga uwanja mpaka kesho, kwa usalama. Hakuna aliyepata kufanya mazoezi penye vigingi vya kweli.

Sijalala mchana, sina hamu ya kula. Nimeapa sitagusa kigingi tena maisha yangu. Hata cha kufungia kamba ya nguo.

Jumamosi, 9 Machi

Ishirini. Filimbi kaitaja bila huruma.

Mama mkwe alitangulia. Sote wawili tulikuwa tumejizoeza uongo wangu, kwa hiyo nilisema walau tuko sawa. Risasi ya kwanza, vumbi nyuma ya bamba, limeshapita. Akaliangalia lile vumbi. Ya pili, vumbi mbele, amezidisha. Akaliangalia na hilo. Akatikisa mabega. Kisha: ngaa, ngaa, ngaa, ngaa. Nne!

Zamu yangu. Ya kwanza, vumbi nyuma ya bamba. Nikaliona! Naapa nililiona. Nikajiambia songa mbele, lenga patupu, hii si kumi na sita, wewe mwenyewe ndiye unayejua kuliko mtu yeyote chini ya jua kwamba hii si kumi na sita! Kidole kikasema Alhamisi zililia tano. Kikapiga palepale. Ya tatu palepale. Ya nne. Ya tano. Ya sita.

Filimbi akaenda kutazama tuta, akarudi ameshangaa. Akasema tangu asimamie uwanja hajawahi kuona mtu anapiga risasi sita zikaingia kwenye tundu moja kiasi hicho. Ila bamba halikuwepo hapo.

Mama mkwe hakutaja vigingi kwa mtu yeyote. Alinikabidhi brashi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaniambia nisiache michirizi. Afadhali angenitukana.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kila kitu, hata ile ya magoti. Hakupiga kelele. Aliichukua kofia ya mama yake, niliyopewa niilete ishonwe, akaishona pale palipochanika, akakata uzi kwa meno. Kisha akauliza kama najua kuwa ana mama mmoja tu. Nililia kidogo, jikoni, nikasingizia moshi. Jiko letu ni la umeme.

Mimi ni mtu mpya. Nimeandika na nimepigia mstari.

Jumapili, 10 Machi

Kazi ya rangi si mbaya. Mpaka rangi anapewa ufunguo wa kibanda cha mabamba, kitu ambacho hata washindi hawana. Ndani kuna mota ya kuvuta waya. Ubavuni mwa mota kuna swichi ya mwendo, ya kuzungusha, kama ile ya ubaridi kwenye friji, kutoka moja hadi saba. Imewekwa tano.

Nimeapa sitagusa kigingi. Sijakigusa. Hata kukiegemea sijakiegemea. Lakini fundi akiona swichi ina vumbi ataifuta, na huwezi kuifuta swichi bila kuizungusha kidogo. Imesimama kwenye tatu. Nikaona inapumzika vizuri pale, nikaiacha.

Baada ya rangi kukauka, nikamwomba Filimbi zamu moja, ya kujiliwaza tu. Penye ishirini. Ishirini halisi, vigingi vyote viko mahali pake! Bamba likaja taratibu, kistaarabu, kama bibi harusi. Ngaa! Ngaa! Ngaa! Sita kati ya sita!

Nimewapigia simu karakana. Nimewaambia jana ilikuwa mafua. Bosi asifute ruhusa yangu: kesho asubuhi nakwenda kwa Filimbi kudai mchujo urudiwe, mbele ya watu wote, na mama mkwe nimeshamtumia salamu ajiandae. Mtu anayepiga hivi hawezi kuachwa anapaka rangi.