Uzi wa Rosalie

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Bado niko peke yangu dawatini. Lucie, niliyekaa naye, alihamia mji wa Bendera wakati wa likizo, baba yake amepata kazi kwenye mitambo ya umeme. Mahali pake naweka mkoba wangu, pasionekane patupu.

Somo la fizikia. Mwalimu Symphorien alitusimulia habari za mashine ya Ulaya yenye sumaku kubwa. Ndani yake kila atomu ina mdundo wake. Ukizipiga mara moja kwa nguvu, zote zinaamka. Ukisukuma polepole, kwa mdundo wa ile unayoitaka, hiyo tu inaitika. Mashine hatuna. Akatundika makopo ya maziwa kwenye kamba, nyuzi fupi na ndefu. Akabembeza moja. Mengine yalitulia, ila moja la mbali, lenye uzi sawa na lile. Likaanza kucheza lenyewe.

Nimeelewa. Namtaka Rosalie, anayependwa na darasa zima, akae nami. Nitamsukuma polepole.

Jumanne, 3 Oktoba

Nilisimama penye robine, bomba la maji la shule. Kila Rosalie alipopita na ndoo nilisema, taratibu, Jambo Rosalie. Hakugeuka. Aliyeitika ni Bertille, mtoto wa wavuvi wa kaskazini mwa ziwa, anayekaa nyuma darasani peke yake. Aliuliza kama nimemwita. Nikasema hapana. Akasema si kitu, akanibebea ndoo. Hitilafu ndogo.

Jumatano, 4 Oktoba

Rosalie aliniuliza mbele ya wenzake: eti Célestine, mimi ni kasuku ama nina malaria, hata unisalimie kila nikipita? Walicheka sana. Walau amesema nami. Bertille aliniletea muhogo wa kuchoma. Niliula. Haukuhusu jaribio.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mwalimu ameongeza: zisizotakiwa zikisumbua, sumaku hufanywa kali upande mmoja, hafifu upande wa pili. Zinapotezana mwendo, sauti zao zinazimana. Iliyochaguliwa inabaki.

Sumaku sina. Nina ndagala, yaani dagaa, za juma lililopita, zilizonyeshewa na sasa zinanuka.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nilizificha chini ya benchi la kulia chakula. Nyingi upande wa marafiki wa Rosalie, chache upande wake. Walitawanyika vizuri kabisa. Wa kwanza kukimbia: Rosalie. Bertille alikuja akakaa palepale penye harufu kali. Alisema hapa panafanana na kwetu. Machozi yalimlengalenga. Sista Immaculée alitupa adhabu sote wawili, kufyeka majani. Bertille hakuniuliza kitu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Tulifyeka. Bertille aliigiza shangazi yake akigombana na bata. Nilicheka mpaka panga likaniponyoka. Siku imekwisha upesi, sijui kwa nini.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nilimkuta Bertille amekaa dawatini mwangu, mkoba wangu mapajani mwake. Alikuwa amefuta vumbi pande zote mbili. Ilinibidi nimweleze kwa upole kwamba mahali hapo pana mwenyewe. Alisema pole, dada. Akarudi nyuma.

Nimerudisha mkoba. Kesho naanza tena penye robine. Nadhani uzi wa Rosalie ni mrefu kuliko nilivyokadiria.