Karatasi Yangu Haijafunga Karanga

Rumonge, tarehe 14 Mei 1998

Kwa Bwana Mulamba,
Mtunza mahesabu ya wafanyabiashara,
Rumonge

Ndugu Mulamba,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na wa nyumbani kwako, na kwamba zile kufuli mbili ulizofunga mlangoni siku tuliyokimbia risasi bado ni nzima. Mji wote unazisifu. Hakuna mwizi hata mmoja aliyezigusa. Walipita dirishani.

Mimi ni Assumani, muuza mawese na sabuni wa nyuma ya soko, mteja wako tangu mwaka 1991. Siandiki kama wateja wengine wanaolalamika kwamba dosie zao, yaani mafaili yao ya kodi, zimetoka ofisini kwako zikaishia kufungia karanga sokoni. Vita ni vita. Tangu nchi jirani zituwekee vikwazo, karatasi imekuwa adimu kuliko sukari, na mtu akikuta makabati matatu ya karatasi safi zilizoandikwa upande mmoja tu, utamlaumu? Malalamiko yangu ni mengine. Dosie za wateja wako wote zimetoka isipokuwa yangu. Naomba, kwa heshima zote, na yangu itoke.

Nitaeleza kwa nambari, maana wewe mwenyewe hupendi mambo ya ovyoovyo.

1. Hii ni wiki ya tatu nanunua karanga kwa Vestine asubuhi na jioni, nikitafuta karatasi yangu. Nimemsoma Kabwe, nimemsoma Kalume, nimemsoma hata mzee mmoja wa Kabezi ambaye sijawahi kumwona, na sasa najua meno yake yalimgharimu kiasi gani. Mimi mwenyewe sijajisoma. Juzi Vestine alinionea huruma akaniambia: "Baba Fahima, ya bote iko, ya kwako tu ndiyo haiko. Labda uliwapa wezi kitu?" Hilo "labda" limenikosesha usingizi kuliko risasi.

2. Wenzangu waliosomwa wamepata faida. Kabwe alikuwa akituambia mitumbwi yake ni ya ndugu yake wa Uvira, ndiyo maana hawezi kuchangia harusi za watu. Karatasi yake imetoka, mitumbwi ni yake mwenyewe, siku hizi anachangia. Anasalimiwa njia nzima mpaka shingo inamuuma. Naye Kalume, aliyeposa akisema ana miaka arobaini, amekutwa na hamsini na minane. Binti akasema alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya magoti. Harusi ni mwezi ujao.

3. Kila Ijumaa baada ya swala, na Jumapili kwa wale wa kanisani, wateja wako hukutana kwenye ghala la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kurudishiana karatasi. Kuna adabu yake. Unampa mwenzako ukurasa wake umeukunja mara nne, unamwambia "sikusoma", naye anajibu "najua". Kisha unampa pole ya figo zake, zilizoandikwa humo kwenye gharama za matibabu. Ni jambo zuri kuliangalia, maana katika mwaka huu ambapo kila mtu anamtazama jirani yake kwa pembe ya jicho, watu wanaulizana habari za figo. Mimi husimama kando mikono mitupu. Hakuna wa kunipa pole, kwani hakuna anayejua ninaumwa nini. Wawili wameacha kunisalimu kabisa. Wanasema mtu ambaye siri zake hazitoki, basi yuko na watu wakubwa. Mimi, Bwana Mulamba, mtu mkubwa kuliko wote ninayemjua ni wewe.

4. Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Wanawake hawasomi mapato. Wanashuka moja kwa moja mpaka chini ya ukurasa, pale ulipochapa "Watu ninaowalisha", wahesabu majina. Kila mke hapa mjini ameshahesabu ya kwake. Kuna waliolia, kuna waliocheka, mmoja alimfuata mumewe mpaka ziwani na mwiko, lakini wote wamejua. Mke wangu Mariyamu alingoja wiki mbili. Kila karanga zikiletwa alikunjua karatasi, akaiangalia, akaiweka. Siku ya kumi na tano akafunga mizigo, akachukua watoto, akaenda kwa kaka yake Hamisi huko Gatete. Aliacha neno kwa mama yangu: "Dosie ya mutu mwenye haogopi kitu inatoka. Ya Assumani imefichwa. Siku nitaisoma, siku hiyo nitarudi."

Miaka kumi na saba ya ndoa! Tangu hapo karanga sizili tena kwa uchunguzi tu, nazila na kwa njaa. Mama yangu anapika, lakini anapika huku akinitazama, na chakula cha namna hiyo hakishuki. Namkosa Mariyamu, Bwana Mulamba. Ninaliandika hilo wazi kwa kuwa barua hii nayo huenda ikafunga karanga, na yeye akaisoma.

Katika nafasi hiyo ya chini, wallahi, wamo watu watano: Mariyamu, watoto wetu watatu, na mama yangu. Hakuna wa sita. Sijawahi kuwa na nguvu za wa sita.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Uitafute dosie yangu, na ukiipata uiangushe karibu na meza ya Vestine kama kwa bahati mbaya. Ukiona aibu, nitakuja kuiangusha mwenyewe, wewe uniachie tu dirisha kama lilivyokuwa. Zaidi ya hapo, ninaomba zipigwe nakala ishirini. Kumi zipelekwe Gatete, kwa yule mama muuza ndagala wa njia panda anayewauzia watu wa nyumbani kwa Hamisi, na afungie upande wa maandishi ukitazama nje, mafuta yasije yakafuta majina. Tano kwa wale wawili wasionisalimu, wagawane. Zinazobaki zibandikwe mlangoni pa ofisi yako, katikati ya zile kufuli, mahali ambapo hakuna mwizi anayefika.

6. Ukikataa, sitakuwa na budi kutafuta mtunza mahesabu mwingine. Nimesikia yuko mmoja Bugarama ambaye siri za wateja wake zinajulikana sokoni kabla hajakausha wino. Huyo ndiye mtu wa kazi.

Nisalimie mama wa nyumbani, nisalimie wanakwaya wenzako, nisalimie jirani yako aliyetunza kuku wetu tulipokimbia, na yeyote atakayepita dirishani akaiona barua hii kabla yako.

Ni mimi mteja wako mwaminifu, asiyesomwa na mtu,

Assumani

N.B. Usifanye lolote kati ya hayo. Sijafunga bahasha, Mariyamu ameingia na watoto na kikapu. Karatasi yangu ameipata Gatete, imefunga ndagala. Ameiweka mezani mbele yangu. Watu ninaowalisha: wanane.

Nilikuwa nimesahau, na wewe umesahau. Mwaka 1995, kodi ilipopanda, tulikaa wawili ofisini kwako tukaongeza watoto watatu ili ishuke. Majina nilikuachia wewe, nawe kwa haraka zako ukayatoa kanisani kwenu: Exaucé, Élysée na Elda.

Nilingoja mwiko. Lakini Mariyamu alikuwa analia. Amesema alikaa usiku kucha akifikiri: Assumani hawezi kumzaa mtoto akamwita Exaucé, kwa hiyo hawa si wa mwanamke mwingine. Hawa ni wa watu waliouawa milimani, na mume wangu amekuwa akiwalisha kimya kimya miaka mitatu bila kutaka sifa. Ameniomba msamaha. Mimi! Kisha akatoa kwenye kikapu nguo tatu mpya, amezishona mwenyewe kwa kuongeza miaka mitatu juu ya ile uliyoandika, akauliza nimewaweka wapi watoto, waje nyumbani leo.

Nimemwambia kesho. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kusema ukweli sina kinywa, na nguo zile kuzirudisha sina moyo. Pale kambini kwa waliohama makwao wamo watoto wasio na mtu, wewe unawajua kuliko mimi, ndio mnaowaimbia Jumapili. Kesho saa moja asubuhi nitapita kwako twende wote, maana uliwaandika wewe. Njoo na kalamu. Majina huenda yakabadilika, lakini idadi ni wanane.