Esteria Haendi Mwanza

Jumatatu, 9 Juni

Esteria amekuja na sare yake. Anahamishiwa Mwanza. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake afariki, askari pekee ninayempenda. Nimemuuliza kwa nini yeye. Kasema polisi wa mijini wanabadilika siku hizi, wanafungua dawati jipya, wanataka askari wanaojua kuwasikiliza kina mama na wazee bila kuwafokea. Huku kwetu Bariadi mambo shwari, akipungua mmoja hakuna atakayeumia.

Hakuna atakayeumia! Mimi je?

Zamani polisi alikuwa mtu wa kaptula na baiskeli. Ukimwona unakimbilia kwenye pamba, hata kama hukuiba. Leo anafika, anasalimia kwa Kisukuma, mwadila, anaomba kiti. Nimechoka na mabadiliko. Yanawafaa wengine, mimi yananinyang'anya.

Nimewaza. Tatizo ni utulivu. Wezi wakiongezeka, mtoto atabaki.

Jumanne, 10 Juni

Nimempeleka mtamba wangu mwekundu kwa Milembe, nyuma ya ghala lake la pamba. Milembe ni rafiki yangu tangu usichana wetu, ila mwoga. Kauliza tukikamatwa itakuwaje. Nikamwambia atukamate nani, na askari ni mjukuu wangu? Kasema hicho ndicho anachokiogopa.

Kesho napiga mwano. Nitalia kwamba nimeibiwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimepiga. Sauti bado ninayo.

Nilisahau kitu kimoja tu. Huku kwetu mwano ukilia, kila mwanamume anaacha kazi na kufuata nyayo. Nilitaka polisi, nimepata kijiji kizima. Wavuna pamba wameacha magunia wazi. Mihayo, kamanda wa sungusungu, akainamisha kichwa chini, akafuata alama za kwato moja kwa moja mpaka kwa Milembe. Sikuzifagia. Bibi gani anafagia njia nzima?

Wakamzunguka Milembe na fimbo. Mwizi wa ng'ombe huku hachekewi. Nikajitupa mbele yao, nikasema ng'ombe nimemleta mimi mwenyewe. Kisha Mboje, jirani yangu mwenye mdomo, akauliza kama nina homa.

Esteria akafika na pikipiki. Hakumpiga mtu kofi, hata filimbi hakupuliza. Kavua kofia, kakaa vumbini katikati ya wanaume, akawauliza mmoja mmoja. Fimbo zikashuka. Wakakubaliana nilipe mchenya, faini ya mbuzi wa kuwalisha wote niliowapotezea siku.

Mkubwa wake wa kituo, aliyekuja naye, alikuwa amesimama pembeni. Kasema hivyo hivyo ndivyo wanavyotaka mjini. Aondoke mapema, Jumamosi.

Nimemfungashia safari kwa mikono yangu!

Ijumaa, 13 Juni

Mbuzi ameliwa. Mboje kaomba ini mara ya pili. Milembe hasemi nami, ila kamletea Esteria michembe, viazi vikavu vya safari. Huko ndiko kusema kwake.

Jioni Esteria amekuja. Hakunigombeza. Kanikata kucha za miguu kama kawaida yake, maana mimi siinami tena. Alipomaliza akasema, "Bibi, kule kuna bibi za watu hawana wa kuwasikiliza. Uvumilivu nimejifunza kwako, kwa kukuvumilia."

Nikamwambia, "Hao nao wana wajukuu wao."

Akazizoa kucha zangu, akazitupa nje. Macho yakanilowa, nikasingizia moshi. Jiko halikuwa limewashwa.

Basi. Mtoto aende. Nimekoma, hila nimeacha.

Jumamosi, 14 Juni

Basi limeondoka asubuhi. Nimepunga mkono mpaka vumbi likaisha. Nikarudi nyumbani, nikakaa. Nyumba imekuwa kubwa.

Nimepiga simu polisi Nyashimo, basi linakopita. Kapokea binti mpole. Kweli wamebadilika. Nikamweleza kuna basi la Mwanza limebeba mali yangu ya wizi, walisimamishe. Kauliza mali hiyo ina alama gani. Nikamwambia ina kovu gotini, inacheka kama marehemu mama yake, haipendi kula peke yake. Hakunikatiza hata kidogo. Nilipomaliza, akaniuliza taratibu kama mali yenyewe ilipanda basi kwa miguu yake.

Nikakata simu.

Kuna polisi Magu pia. Basi bado halijafika huko.