Banda Linalong'aa

Jumatatu, 2 Julai
Leo nimepata dawa ya Achiel!

Nilikuwa namenya viazi juu ya gazeti kuukuu. Kumbe chini ya maganda kuna habari ya wataalamu wa ndege. Wanasema ndege ana dira yake mwilini, anahisi sumaku ya dunia, na kelele za redio zinazotoka kwenye vyombo vya umeme zinaweza kuivuruga. Sikio la mtu halizisikii. Ndege maskini hajui tena kaskazini ni wapi. Nikayamwaga maganda yote sakafuni. Godelieve, mke wangu, kaniuliza kama nina akili timamu. Sikumjibu. Mwanasayansi hajibu ovyo.

Achiel ni jirani yangu. Miaka minne mfululizo njiwa wake wanawashinda wangu mbio za kurudi nyumbani kutoka mji wa mbali wa Orléans. Mwaka huu mambo ni mazito. Godelieve amesema nisiposhinda Jumapili, banda langu linabomolewa na yeye anajengewa baraza la vioo mahali pake. Nilikubali mwezi wa tatu, nikiwa na bia nne tumboni. Fundi ameshakuja kupima.

Jumanne, 3 Julai
Nimekusanya silaha kwenye kibanda cha majembe, mpakani kwa Achiel. Mashine ya kufyonza vumbi. Drili ya marehemu baba. Taa ya tyubu inayopepesa. Nikaviwasha vyote, nikafungua redio. Krrrrr! Hata neno moja halisikiki. Safi kabisa!

Achiel kachungulia juu ya ua, kauliza nafanya nini. Nikamwambia nafanya usafi. Akasema, haya jirani, ukimaliza majembe uje unifyonzee na kabichi zangu.

Mcheke, mcheke tu.

Jumatano, 4 Julai
Balaa. Banda langu liko hatua kumi na mbili tu kutoka la Achiel. Njiwa wangu nao wana dira! Nilikosa usingizi wa mchana.

Nimelisoma gazeti tena. Wataalamu walifunika vibanda kwa aluminiamu, wakaviunganisha na ardhi kwa waya, na ndege wakapata fahamu. Rahisi! Nimechukua karatasi za aluminiamu za kuokea za Godelieve zote, nikanunua nyingine kumi dukani. Nyuma na ubavuni tayari. Godelieve kauliza kama nimeamua kuwaoka njiwa wote kwa mpigo.

Ijumaa, 6 Julai
Siku ya kuwapeleka njiwa kwenye vikapu. Bolle, dume langu la kutegemewa, alikuwa hajamwona jike lake wiki nzima. Ndivyo tunavyofanya sisi wafuga njiwa. Kabla ya kumfunga kikapuni nikamwonyesha jike dakika tano tu. Macho yalimtoka! Huyu atarudi mbio.

Mkahawani, chama chetu cha njiwa kilipokuwa kinapokea vikapu vya kupelekwa Orléans, Achiel kaninunulia bia. Kaniambia Bolle yuko vizuri, na kwamba mwaka huu yeye mwenyewe anamwogopa. Nikanywa bia yake. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini si sana.

Jumamosi, 7 Julai
Nimemalizia upande wa mbele, mpaka ubao wanapotua ndege. Banda zima linang'aa. Padri kapita na baiskeli yake, nusura aingie mtaroni. Nimeridhika.

Jumapili, 8 Julai
Asubuhi nikawasha silaha. Nikafungua redio kusikia njiwa wameachiliwa saa ngapi. Krrrrr. Dakika moja baadaye Achiel kaita, ee Odiel, redio yangu inakoroma leo, wameruka saa ngapi? Nikamwambia yangu pia inakoroma. Tukaketi kila mtu upande wake, tukitazama mbingu kama mabubu.

Saa sita na dakika nne. Doa dogo kusini. Bolle! Peke yake! Nilipiga kelele mpaka Godelieve akatoka na ufagio.

Bolle akashuka. Akaliona banda. Akapaa tena.

Akatua kwenye paa la Achiel, akalikodolea macho banda langu kana kwamba ni la mwanamume mwingine. Nikapiga mluzi. Nikatikisa kopo la mahindi. Nikamnyanyua jike lake juu. Hasogei! Na saa ya mashindano haihesabu mpaka ndege aingie bandani kwake.

Dakika saba baadaye wakaja watatu wa Achiel, moja kwa moja, kama wamevutwa kwa kamba. Wakaingia. Na Bolle akaingia nao.

Achiel kamleta mwenyewe, kamshika kwa mikono miwili. Kasema pole sana, nimemwona kwa macho yangu, wako ndiye wa kwanza, lakini ndiyo sheria yetu.

Nafasi ya thelathini na moja. Godelieve aliweka ufagio chini. Alikwenda kumpigia fundi simu.

Jumanne, 10 Julai
Banda limebomolewa. Miaka ishirini na sita, na fundi kalimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nililia waziwazi, sioni aibu kuandika.

Achiel kaja na birika la kahawa. Kaniambia bwana wee, nyamaza, utawatisha ndege. Akasema banda lake ni refu, nichukue nusu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, ukiacha wewe, mimi nitamshinda nani? Akanipa ufunguo.

Sijawahi kuwa na rafiki wa namna hii. Nimeapa kubadilika.

Jumatano, 11 Julai
Tumehamia. Bolle ametulia na jike lake. Keizer, bingwa wa Achiel, analala upande wa pili wa ubao.

Godelieve anauliza sumaku za friji zimekwenda wapi. Nimemwambia sijui.

Nimeweka mbili tu, nyuma ya kiota cha Keizer. Ubao unaomtenga na Bolle una unene wa kidole. Nadhani unatosha.